Gundi nyeupe: kiungo kimeachia, mbao safi kama haijaguswa. Kosa ni la gundi au ni langu?

#1 Kijiti_Kikavu

Wakuu, habari zenu.

Nina kiti cha mbao ambacho mguu mmoja ulianza kulegea. Nikauchomoa, nikapaka gundi nyeupe, ile ya kawaida ya chupa ya plastiki, nikaurudisha, nikafunga kamba, nikaacha usiku kucha. Asubuhi kiti kikawa imara, nikakikalia siku tisa bila wasiwasi. Siku ya kumi nimeegemea nyuma kidogo tu, nikasikia "ta!" Mguu ukabaki sakafuni, na mimi pia.

Nilichokiona ndicho kilichonileta huku. Ulimi wa mguu, yaani ile ncha inayoingia kwenye tundu la kiti, umevaa gundi yote, ngozi nyembamba ngumu inayong'aa kama kucha. Ndani ya tundu hakuna kitu. Mbao safi, hata uzi mmoja haukung'oka.

Dai langu, mnikosoe: gundi nyeupe ni ya karatasi na kazi za watoto. Kuiita gundi ya mbao ni kutuuzia maziwa kwenye chupa ya gundi.

#2 Nimekaa_Pembeni

Pole kwa anguko. Navuta kiti changu (kizima) nisubiri wajuzi.

#3 Mzee_Randa

Kijana, usiisingizie gundi. Nimeunga milango, droo na meza kwa gundi hiyo hiyo tangu mikono yangu haijaota sugu. Ikishika sawasawa, ukilazimisha kiungo kwa nyundo kinachopasuka ni mbao ya pembeni, gundi inabaki imeng'ang'ania. Ukiona mbao safi, ujue gundi haikuwahi kushika. Hiyo haikushindwa kazi, haikuripoti kazini kabisa.

Nijibu haya. Kiungo kilikuwa na gundi ya zamani? Uliikwangua? Ulimi ulikuwa unabana ndani ya tundu au unacheza?

#4 Kijiti_Kikavu

Mzee, shikamoo. Gundi ya zamani ilikuwepo, mabaki ya kahawia. Kwenye ulimi nilikwangua kwa kisu, si sana. Kwenye tundu nilipuliza vumbi tu. Na ndiyo, ulimi ulikuwa unacheza, ndiyo maana nikapaka gundi nyingi ijaze nafasi.

#5 Mzee_Randa

Marahaba. Kesi imekwisha. Gundi nyeupe inataka kuingia kwenye mbao, wewe umeibandika juu ya gundi ya marehemu. Ni sawa na kupaka rangi juu ya vumbi kisha ukalalamikia rangi.

#6 Molekuli

Kesi haijaisha, mzee wangu, tumesoma ukurasa wa kwanza tu. Hebu kwanza tujue tunazungumzia kitu gani.

Gundi nyeupe ni polivinili asetati, wengi wanaiita PVA. Aliyeigundua ni Mjerumani Fritz Klatte, mwaka 1912. Ndani ya chupa haijayeyuka kwenye maji kama sukari. Ni vitone vidogo mno vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji, na karibu nusu ya chupa ni maji matupu. Ule weupe ni mwanga unaotawanywa na vitone, kama inavyokuwa kwenye maziwa. Maji yakiondoka, vitone vinasogeleana, vinabanana, vinaungana kuwa utando mmoja, na weupe unapotea kwa kuwa hakuna tena vitone vya kuutawanya mwanga. Kwa hiyo haikauki kwa kuungua wala kwa kuchanganywa na dawa. Inakauka kwa kupoteza maji, na mbao ndiyo inayoyanywa.

Sasa rudi kwenye "nikapaka nyingi ijaze nafasi". Ukijaza nafasi ya milimita mbili kwa kitu ambacho nusu yake ni maji, maji yakitoka utabaki na nini? Inasinyaa, inajivuta upande mmoja. Upande uliokwanguliwa ndio uliobaki nayo. Kwangu mimi tatizo ni ulimi kucheza, gundi ya zamani imesaidia tu.

#7 Seremala_Jike

Naunga mkono bandiko #6 kwa nusu. Gundi hii inataka mbao zibusiane. Ukiweza kuona mwanga katikati ya vipande, hiyo siyo kazi ya gundi nyeupe. Chukua epoksi (gundi ya sehemu mbili za kuchanganya), au ongeza unene wa ulimi kwa kubandika maranda membamba, yakikauka unachonga upya mpaka uingie kwa kusukuma na kiganja.

Ila kabla hatujamhukumu: Kijiti, ulipaka pande zote mbili au upande mmoja?

#8 Kijiti_Kikavu

Ulimi peke yake. Tundu lina giza, kidole changu hakiingii.

#9 Seremala_Jike

Ehee. Na kutoka kupaka mpaka kuingiza ulikaa muda gani?

#10 Kijiti_Kikavu

Hapo... simu iliita.

#11 Nimekaa_Pembeni

Hahahaha, uzi umekolea. Mshtakiwa anaanza kuungama mwenyewe bila kupigwa.

#12 Seremala_Jike

Basi mimi nina kesi yangu, tofauti na ya Mzee na ya Molekuli. Gundi nyingi za aina hii zinakupa dakika 5 hadi 10 hivi tangu kupaka mpaka kukutanisha vipande. Joto na upepo vikizidi, hata chini ya hapo. Baada ya hapo uso wake unaota ngozi. Ukikutanisha ngozi na mbao kavu, vinagusana tu, havishikani. Ule mng'ao wa kucha ulioueleza #1 ndio ushahidi wangu: gundi iliyobanwa ikiwa mbichi inatoka na alama ya mbao iliyokutana nayo, unaona hadi mistari ya patasi. Yako imekauka ikiwa imetazama hewa.

#13 Kwato_la_Farasi

Mnazunguka sana. Gundi zote za mbao zinatokana na kwato na ngozi za wanyama, nyeupe ni ile iliyochujwa tu. Zamani walichemsha farasi waliozeeka. Kwa hiyo ikiwekwa juu ya gundi ya zamani lazima ishike, ni ndugu moja.

#14 Molekuli

Hapana, ndugu mwenye kwato. Unachanganya familia tatu.

Ya ngozi na mifupa ipo na ni ya kale mno, Wamisri wa enzi za mafarao waliitumia kwenye samani. Hiyo ni kahawia, inapashwa moto, ikipoa inaganda. Ya maziwa nayo ipo kweli, inatokana na kasini, protini ya maziwa. Ndege za kivita za Uingereza aina ya Mosquito, zilizoundwa kwa mbao wakati wa vita vya pili vya dunia, mwanzoni ziliungwa kwa kasini, baadaye wakahamia gundi ya kemikali ya viwandani. Ya tatu ndiyo hii nyeupe ya plastiki, haina ng'ombe wala farasi ndani yake.

Imani ya maziwa ninaielewa inakotoka. Kampuni ya Borden ya Marekani ilikuwa ya maziwa, mwaka 1947 ikaingiza sokoni gundi nyeupe iliyoitwa Cascorez, na mwaka 1951 ikaibadili jina kuwa Elmer's. Elmer alikuwa fahali, mume wa ng'ombe wa matangazo yao ya maziwa. Ukimweka fahali kwenye chupa ya kimiminika cheupe, usiwalaumu watu.

#15 Kwato_la_Farasi

Sawa, nimekubali kasoro. Lakini ule mtungi wa babu yangu ulinuka kwato kweli.

#16 Mzee_Randa

Ulinuka, sikatai. Na mtungi ule ulikuwa na sifa ambayo nyeupe haina: gundi mpya ya ngozi inaiyeyusha ya zamani na kuungana nayo. Ndiyo maana waliotutangulia walikarabati kiti hicho hicho mara tano bila kukwangua hadi mfupani. Nyeupe ikishakauka haimkumbuki hata ndugu yake. Nyeupe juu ya nyeupe iliyokauka haishiki vizuri, sembuse juu ya ya mnyama.

Kijiti, fanya jaribio. Yale mabaki ya kahawia yawekee kitambaa kilicholowa maji ya moto, dakika kumi. Kisha gusa kwa kidole, utuambie.

#17 Mama_Jalada

Habari za humu. Mimi si wa mbao, ni wa vitabu, nafunga na kukarabati majalada. Namjibu Kijiti pale #1 aliposema ni gundi ya karatasi. Hata kwenye karatasi ina adabu zake.

Maji yake yanazivimbisha nyuzi za karatasi, zikikauka haraka unapata mawimbi. Watu wanalaumu karatasi. Dawa ni kupaka nyembamba kwa brashi kuanzia katikati kwenda nje, usirudie rudie, kisha unaweka kati ya karatasi kavu za kufyonza na uzito juu mpaka kesho. Kwenye uti wa kitabu naipenda kwa sababu ikikauka inabaki inapinda. Ya unga inakatika.

Lakini kitabu cha thamani sikipaki. Ikishaingia kwenye nyuzi haitoki bila kuondoka na karatasi. Za kawaida nyingi zina uasidi kidogo, na zikizeeka hutoa asidi asetiki, yaani asidi ya siki. Kwa hati za kale tunatumia uji wa wanga, kwa maana anayekuja baada yako ataweza kuulowesha na kuutoa.

#18 Baba_Watatu

Mimi yangu haiishi hadi kwenye mbao wala kitabu. Watoto wamemaliza chupa kwa kutengeneza ute wa kuchezea. Kwani ile inakuwaje mpaka inavutika vile?

#19 Molekuli

Kwa kifupi: ndani ya gundi kuna polivinili alkoholi, minyororo mirefu inayosaidia vitone visigandane chupani. Ukiweka boraksi (chumvi yenye boroni), boroni inashika mnyororo huu na ule kwa vifungo vinavyoachia na kushika tena. Matokeo yake ni kitu kinachotiririka ukikiacha, na kinachokatika ukikivuta ghafla. Waambie wanawe mikono, na boraksi ikae mbali na midomo yao.

Turudi kwenye kiti.

#20 Fundi_Baridi

Mmesahau mtuhumiwa mkubwa: BARIDI. Kijiti amesema aliacha usiku kucha. Karakana ilikuwa na joto gani?

Vitone alivyovieleza #6 vinahitaji joto ili vilainike na kuungana. Kila gundi ina kiwango chake, nyingi za mbao ni kati ya nyuzijoto 8 na 13 hivi. Chini ya hapo maji yanaondoka lakini vitone vinabaki kila kimoja kivyake, unapata unga mweupe kama chaki usio na nguvu. Na usidanganywe na kipimajoto cha ukutani. Hewa inaweza kuwa na 18 wakati mbao iliyolala sakafuni ina 9.

Mimi ilinitokea kwenye meza. Mbao sita, klampu nane, kazi safi mno. Asubuhi nilizitenganisha kwa mikono kama kurasa.

#21 Seremala_Jike

Hoja nzuri, ila haimhusu huyu. Yeye kaona kitu kinachong'aa. Baridi inatoa chaki.

#22 Fundi_Baridi

Kwenye ulimi ilikuwa kama kucha, ndani ya tundu hatujui. Kama ilikuwa chaki nyembamba imepukutika wakati wa kuanguka? Amesema mbao "safi", hakusema ametazama kwa tochi.

#23 Kijiti_Kikavu

Nimetazama kwa tochi sasa hivi. Kuna unga kidogo chini ya tundu. Ila sijui kama ni chaki au ni unga wa mbao ambao mdomo wangu haukuupuliza wote.

#24 Nimekaa_Pembeni

Wakili wa baridi amepata pumzi.

#25 Mhandisi_Mstaafu

Salaam. Nimesoma mabandiko yote, nina la kwangu ambalo halijaguswa. Mguu wa mviringo kwenye tundu la mviringo, sivyo?

Tundu la keekee halina ukuta wa aina moja. Ukilizunguka kwa kidole, sehemu mbili zinazotazamana nyuzi zinalala ubavu, na sehemu mbili nyingine nyuzi zimekatwa vichwa. Kwenye vichwa vya nyuzi gundi inanywewa kama maji kwenye mrija, juu panabaki pakavu. Kwa hiyo hata ungepaka kwa usahihi, ni karibu nusu tu ya ukuta inayokusaidia.

Halafu mbao inavimba na kusinyaa kukatiza nyuzi, wala si kwa urefu. Majira ya unyevu ulimi unavimba, tundu linaubana, nyuzi zinasagika. Ukavu ukija, ulimi unasinyaa chini ya unene wake wa kwanza. Mzunguko huo ndio uliolegeza kiti tangu mwanzo, kabla Kijiti hajaigusa chupa. Mnabishana juu ya daktari wa pili wakati ugonjwa ni wa zamani.

#26 Seremala_Jike

La kusinyaa nakubali kabisa. La vichwa vya nyuzi lina ubishi. Tumekaririshwa wote kwamba kichwa cha mbao hakishiki gundi. Lakini ukijaribu, kipande kwa kipande chenye eneo lilelile, kiungo cha vichwa kinabeba kuliko tunavyodhani. Kiungo cha ubavu kwa ubavu kinaonekana imara kwa sababu mbao yenyewe ni dhaifu pale, lignini (gundi ya asili ya mbao) kati ya nyuzi ndiyo inayopasuka mwanzo, hivyo gundi inapata sifa ya bure. Cha vichwa kinaonekana dhaifu kwa sababu tunakilinganisha na mbao nzima kwa urefu wake, ambayo ina nguvu mno.

#27 Mzee_Randa

Binti yangu, jaribio la mezani si fremu ya picha. Kiunge kichwa kwa kichwa, kipe urefu wa mita, kipinde, uone. Mbao ndefu ni wenzo.

#28 Seremala_Jike

Mzee, hapo umesema kweli, lakini hiyo ni hoja ya wenzo. Mrija ulionyonya gundi haumo. Ndicho ninachokisema.

#29 Mhandisi_Mstaafu

Kwa vitendo fanyeni vyote viwili: pakeni kichwani gundi iliyozimuliwa na maji kidogo, acheni inywewe dakika chache, pakeni tena ya kawaida. Mimi nimeifanya kwa fremu nyingi. Kama inasaidia kwa sababu yangu au ya Seremala, fremu hazijaniuliza.

#30 Chupa_ya_Njano

Kwa nini hakuna aliyesema ya njano? Gundi nyeupe acheni watoto wachezee, fundi anatumia ya njano.

#31 Molekuli

Ya njano nayo ni ya ukoo wa polivinili asetati, imerekebishwa. Inashika haraka zaidi, inavumilia joto kidogo zaidi, na ikikauka unaweza kuipiga msasa bila kunata. Ile nyeupe ukiipiga msasa inapata joto, inalainika, inaziba karatasi yako. Kwa nguvu ya kiungo kilichobanwa vizuri ndani ya nyumba, tofauti si kubwa kama rangi inavyotaka tuamini. Na nyeupe ina faida yake: inakupa muda zaidi kwenye kazi yenye viungo vingi.

Rangi isikudanganye, soma lebo. Ulaya wana kiwango EN 204, madaraja D1 hadi D4. D1 ni ya pakavu tu. D3 inavumilia kuloweshwa kwa muda mfupi. D4 ndiyo ya nje kabisa. Ipo nyeupe ya D3 na ipo njano isiyopenda maji.

#32 Ukuta_Mbichi

Naingilia. Mimi huichanganya na maji nikapaka ukutani kabla ya plasta, inashika vizuri. Je, bafuni?

#33 Mhandisi_Mstaafu

Pakavu sawa. Bafuni usijaribu. Ya kawaida ikikutana na unyevu wa kudumu inalainika tena, na vigae vyako vitakuja kukusalimia. Tafuta kiunganishi kilichotengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye maji.

#34 Kijiti_Kikavu

Nimerudi na matokeo ya kitambaa cha maji ya moto (#16). Baada ya dakika kumi yale mabaki ya kahawia yamekuwa laini, yananata kwenye kidole yakivutika nyuzi nyuzi. Na harufu... Kwato_la_Farasi njoo.

#35 Kwato_la_Farasi

NILISEMA!

#36 Mzee_Randa

Gundi ya mnyama. Nyeupe juu ya hiyo, tena bila kukwangua tundu. Sina la kuongeza.

#37 Molekuli

Mzee hapo nakuvulia kofia, ila nauliza: kama ni gundi ya zamani, mbona siku tisa ilibeba?

#38 Mzee_Randa

Kamba ilibana ulimi, msuguano ukabeba. Hata kiti kisicho na gundi kinakaa siku tisa ukimheshimu.

#39 Hanging_Rafu

Au ilikuwa inateleza polepole siku zote tisa! Hii gundi ni plastiki inayolainika, ukiipa mzigo usiokoma inasogea taratibu bila kukatika. Nilikunja mbao nyembamba nne kutengeneza upinde, nikaziunga kwa gundi nyeupe. Baada ya miezi, ukipitisha kidole ukingoni unahisi ngazi ndogo, kila mbao imehama kidogo. Hakuna ufa popote. Kwa kazi ya kupinda sasa natumia gundi inayokauka ngumu kabisa.

#40 Seremala_Jike

Kuteleza kungeacha gundi pande zote mbili. Yeye ana upande mmoja. Narudi kwenye simu.

#41 Kijiti_Kikavu

Basi nimefanya jaribio langu, nimeacha kubahatisha. Vipande vinne vya msonobari.

A: nimepiga randa, nimepaka pande zote mbili, nimebana mara moja.
B: nimepiga randa, nimepaka upande mmoja, nikasubiri robo saa (simu haikuita, nilikaa naitazama tu), nikabana.

Nikaacha siku nzima ndani ya nyumba, kisha nikabana kipande kimoja kwenye jiliwa na kugonga kingine kwa nyundo.

A imepasua mbao, kipande kizima kimeondoka na nyuzi zake. B imeachia kwa pigo la kwanza, upande mmoja unang'aa, upande wa pili karibu safi. Inafanana na kiti!

Sasa tatizo: nilikuwa na kipande C chenye yale mabaki ya kahawia niliyoyakwangua nusu, nikapaka pande zote na kubana haraka. C nayo imegoma kuachia. Nimeipiga mara nne, ya nne ndiyo ikatoka, nusu imepasua mbao, nusu imetoka safi.

#42 Seremala_Jike

Asante kwa haki. Ilikuwa simu.

#43 Mzee_Randa

Nusu iliyotoka safi ndiyo iliyokuwa na mabaki. Jaribio lako limenithibitisha mimi.

#44 Fundi_Baridi

Yote umeyafanya ndani ya nyumba kwenye joto. Hujajaribu karakana usiku. Jaribio halijakamilika.

#45 Mhandisi_Mstaafu

Na yote ni ubapa kwa ubapa. Hakuna tundu la mviringo hata moja.

#46 Nimekaa_Pembeni

Kesi moja, mahakimu watano, kila mmoja ameshinda.

#47 Kijiti_Kikavu

Sawa wakuu, nakiunga upya. Tundu nimelisafisha kwa maji ya moto na kijiti chenye kitambaa, nikaacha likauke siku mbili. Ulimi nimeunenepesha kwa maranda kama alivyosema #7, unaingia kwa kusukuma. Mbili za mwisho: nibane kwa nguvu gani? Nasikia ukibana sana gundi yote inatoka. Na ile inayotoka niifute mbichi au niiache?

#48 Mhandisi_Mstaafu

Kubana sana kwa klampu za mkono ni kugumu kuliko watu wanavyohofu. Watengenezaji wanapendekeza takribani kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba kwa mbao laini, 12 hadi 17 kwa ngumu. Kiungo kikubwa huwezi kukifikisha huko kwa kamba. Bana mpaka shanga ndogo za gundi zijitokeze ukingoni kote, simama hapo. Kama vipande vinateleza wakati wa kubana, nyunyiza chembe chache za chumvi juu ya gundi. Zinang'ata mbao pande zote.

#49 Seremala_Jike

Shanga usizifute kwa kitambaa chenye maji mengi. Unaipaka gundi kwenye vinyweleo vya mbao, halafu siku ya kupaka rangi ya mbao unaona doa jeupe lenye umbo la kitambaa chako. Subiri nusu saa au zaidi, iwe kama mpira, inyanyue kwa patasi. Inatoka kama ganda.

#50 Mzee_Randa

Mimi nafuta mbichi, kitambaa kinyevu si kilicholowa, maisha yangu yote, na madoa sina. Ila klampu za chuma weka karatasi chini yake, hasa mbao ikiwa mwaloni. Chuma, unyevu wa gundi na tanini (kemikali ya asili ya mbao) vikikutana, unaamka na doa jeusi ambalo halitoki kwa msasa mwepesi.

#51 Kijiti_Kikavu

Nimebana. Nimezima simu. Sikigusi saa 24.

#52 Baba_Watatu

Uzi mzuri. Mimi nimehamasika nikaitoa chupa yangu ya zamani kabatini, kifuniko kimeganda hakifunguki, na ndani naona mabonge kama jibini. Ilipitia baridi kali, maji yake yaliganda.

#53 Molekuli

Kifuniko kiloweshe maji ya moto, kitaachia, plastiki ya chupa haishikwi na gundi hii. Lakini ikishaganda kwa baridi ikawa mabonge, vitone vimeshashikana humo humo, hairudi. Tupa.

#54 Baba_Watatu

Wapi, wameshaiona. Wanauliza boraksi iko wapi.